Rezo ya Chumvi

Bunia, Jumanne, tarehe 11 Februari 2003

Yaya Furaha mpendwa,

Nakusalimu mimi mdogo wako, yule uliyezoea kumwita profesa. Naapa kukueleza yote, hata aibu yangu.

Shule ya huku imetupokea sisi wakimbizi wa vita. Leo mwalimu wa kemia ameshika chumvi kiganjani akauliza, "Rezo ya kristali ni nini?" Nikasimama mbio, maana neno hilo nalijua sana. "Rezo ni mtandao, ile tunayotafuta kule kilimani, telefone mkononi, tusikie watu wa kwetu!"

Darasa zima likaangua kicheko. "Weye, utapigia chumvi telefone?" akauliza jirani yangu.

Mwalimu mwenyewe alifuta machozi ya kucheka. "Hapana, mama. Ni vile atomi zinajipanga ndani ya kristali. Kila moja iko na mahali yake na majirani yake."

Sasa jina langu ni Mama Rezo, na naitika.

Lakini kila Jumapili napanda kilimani na telefone ya shangazi, napiga namba ya dukani kwenu Marabo, na hakuna anayeitika. Mwenye kukuletea kadi hii atangojea jibu lako. Yaya, bado uko mahali pako?

Mdogo wako, Neema