Mwiko Wako Ndio Uliofunga Maji

Mama,

Sijui kama huko uliko kuna mabomba ya maji. Kama yapo, naomba yasivuje, maana ungeanza kutafuta mwanaume wa kuyashika, na mimi nisingekuwepo kubishana nawe.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Kingstanding, huku ugenini, kwenye kiti chako cha karibu na dirisha. Ndiyo, nimekikalia. Mwanao, Baba Neema, hayupo. Amekwenda Bujumbura kwa dada zako kumaliza matanga, na amebeba sanduku la vitenge vyako ili wagawane, kama ulivyotaka. Kile cha kahawia chenye ndege nilikitoa kabla hajafunga zipu. Hajui. Dada zako watakapokukuta huko na kukiulizia, waambie mkwe wako amekivaa leo.

Nataka uyasikie haya kutoka kwangu kabla Fiston hajaja makaburini kunishtaki. Mwanao wa mwisho unamjua.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakaanga ndagala, wale dagaa wa kwenu. Neema akaingia pekupeku, macho juu, akasema, "Mum, the ceiling's dripping." Unakumbuka ulivyokuwa ukimsemesha Kiswahili naye akikurudishia Kiingereza, na bado mkaelewana kuliko tulivyoelewana mimi na wewe. Nikatazama juu. Dari lilikuwa limefura, na maji ya bafuni yanashuka, kwanza matone, halafu mkondo mwembamba uliofuata waya wa taa.

Nilichofanya kwanza ni kumpigia Fiston simu. Hiyo ilikuwa kazi yako, Mama. Miaka yote tuliyoishi pamoja uliniimbia kwamba mambo ya bomba na umeme yana mwenyewe. "Outils ni za bwana," ulikuwa ukisema, yaani vifaa vya ufundi. "Mwanamuke akigusa, bwana atabakia na kazi gani?" Basi nilipoona maji, vidole vyangu vilitafuta namba ya shemeji kabla sijafikiri. Naye kutoka Shard End akaniambia, "Shemeji, usiguse kitu. Niko nakuja."

Kutoka Shard End mpaka hapa ni mabasi mawili, tena Jumamosi.

Nikachukua masufuria makubwa ya kanisa, yale tuliyopikia watu kwenye msiba wako na ambayo hatujayarudisha, nikayapanga sakafuni. Mjukuu wako Josué alifurahia mlio wake mpaka akaanza kucheza. Mimi nikasimama katikati na ufagio mkononi. Mtu mzima, ninayesimamia wanaume kwenye ghala la Washwood Heath na kuwaambia wapi pa kuweka nini, nimesimama nyumbani kwangu nasubiri shemeji ashuke basi.

Kisha kipande cha dari kikaangukia ndagala.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimkasirikia Fiston, nikakukasirikia wewe, nikajikasirikia mimi zaidi. Koki kuu iko chini ya sinki, na nimejua hivyo tangu tulipohamia. Mtu wa halmashauri alipokuja kumwonyesha Baba Neema, nilikuwa nimesimama nyuma yake, na macho ninayo. Lakini mbele ya koki hiyo kulikuwa na madumu yako ya mawese, mfuko wako wa unga wa muhogo, na chupa yako ya pilipili. Tangu uondoke hakuna aliyevigusa. Baba Neema hufungua kabati lile, huangalia, hufunga. Mimi hununua mafuta yangu na kuyaweka juu ya friji.

Nilipiga magoti nikaanza kuvitoa. Harufu ya mawese ilipotoka, Mama, ilikuwa ni wewe kabisa, umesimama nyuma yangu unaniambia nisogee, najaza jiko lote. Nililia. Nililia huku navuta madumu, kwa sababu maji hayakuwa yakinisubiri nimalize.

Koki ilikuwa imekwama. Nikaikamata kwa mikono miwili, haikutikisika. Sanduku la vifaa lipo chini ya ngazi, limefungwa kufuli, na ufunguo wa kufuli uko kwenye pete moja na funguo za gari za mwanao, mfukoni mwake, Bujumbura. Umeona basi? Vifaa vililindwa dhidi yangu vizuri sana mpaka vikashindwa kuiokoa nyumba ya mwenyewe.

Nikainua macho nikaona mwiko wako ukutani. Ule uliotoka nao Uvira, ukasongea ugali kwenye kambi ya wakimbizi, ukaingia nao kwenye ndege umeuzungushia kitenge. Nikapitisha mpini wake katikati ya masikio ya koki, nikasukuma kama ninavyosukuma ugali wa harusi. Ikalia. Nikasukuma tena, ikazunguka. Mkondo ukawa matone, matone yakakoma. Mwiko haukuvunjika. Umebaki na alama kwenye mpini, na alama hiyo hainisikitishi.

Nilikuwa napangusa sakafu Fiston alipogonga. Alikuwa na begi, Mama. Begi la nguo, na mto wa kulalia kwapani. Hakuleta hata bisibisi. Akatazama dari, akatazama masufuria, akasema, "Pole shemeji. Mama alisema, kaka akisafiri mimi nilale huku. Nyumba haiwezi kubaki bila mwanaume." Akaanza kuelekea chumbani kwako.

Najua hakudanganya. Ulimwambia hospitalini nami nikiwepo, nakukanda miguu. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Sasa huumwi tena, na mimi sinyamazi.

Wewe unajua kinachotokea mto wa shemeji ukishalala ndani. Funguo anashika yeye. Mgeni akija anaulizwa yeye. Watoto wanaomba ruhusa kwake nami nimesimama hapo hapo. Kaka yake alipokwenda Ubelgiji, Fiston alikaa nasi, na kufikia siku anaondoka nilikuwa namuuliza kama naweza kuwasha hita. Nyumbani kwangu, na bili nalipa mimi. Niliapa siku ile kwamba mara ya pili haitakuwepo.

Basi nikasimama mlangoni mwa chumba chako, mikono bado inachuruzika, nikamuuliza kama anajua alikuwa wapi siku upepo ulipong'oa turubai la nyumba yenu kambini. Hakujua. Nikamwambia.

Ndiyo, Mama. Nimemwambia ulichonisimulia tukichambua maharage na kunikataza kukirudia. Kwamba baba yao alikuwa amekwenda Kigoma kutafuta kibarua, mvua inakuja, na wewe ukapanda paani na kamba na mawe, ukiwa karibu kumjifungua Fiston. Kwamba wanaume wa jirani walijaa chini wakikuamrisha ushuke, nawe ukawajibu, "Mushike ngazi ao muondoke." Na mumeo aliporudi ukamwambia majirani ndio waliotengeneza. Uliponisimulia ulicheka mpaka ukafuta machozi na ncha ya kitenge. Hiki hiki nilichovaa.

Sasa nijibu. Wewe uliyepanda paa na Fiston tumboni, unamtuma Fiston huyo huyo aje kunilinda na bomba?

Alikaa kwenye ngazi, mto mapajani. Akauliza polepole, "Mama? Na mimi niko ndani?" Nikamwambia ndiyo, na wewe uko ndani. Akacheka, kisha akalia, mwanaume mzima na ndevu zake. Nilimwonea huruma, na bado sikutoka mlangoni. Nikampikia ugali na mayai, maana ndagala zilikuwa zimejaa dari. Alipomaliza kula nikamwambia kuna njia mbili, zile zile ulizowapa majirani zako. Akafikiri. Akaniuliza kama masufuria ya kanisa yanarudi. Aliondoka nayo, mto wake ndani ya lile kubwa.

Fundi wa halmashauri alikuja akabadilisha kiungo cha bomba la bafuni. Akauliza nani alifunga maji, maana koki yenyewe ilikuwa ngumu. Neema akamjibu kabla yangu: "My mum. With a spoon." Ungemwona shingo ilivyosimama. Nilijifanya naangalia kettle.

Na jana king'ora cha moshi kilianza kulia kidogo kidogo, betri imekwisha. Unakumbuka mara ya kwanza kilipolia hivyo? Ulizunguka nyumba nzima na kandambili ukimtafuta nyenje, ukainua mazulia, ukawaamuru watoto wanyamaze umsikie vizuri, nami nimekaa kwenye ngazi nimeziba mdomo kwa kucheka. Jana nilipanda kiti nikabadilisha betri mwenyewe. Lakini kwanza nilikiacha kilie kidogo. Nilitaka kusikia kandambili zako. Nimekukumbuka sana, Mama, na hilo nalo sitalificha.

Bila shaka habari zimefika Bujumbura. Dada yako amenitumia sauti kwenye simu: "Eti umemufukuza shemeji na mto yake?" Nikamjibu kwamba mto ulipewa sufuria zima. Kisha Baba Neema akapiga simu. Alianza kwa kuuliza mawese yako yako wapi. Nikamwambia yako chumbani kwako, juu ya meza, yamefunikwa. Akashusha pumzi. Halafu akajaribu: labda Fiston aje tu mwisho wa wiki, kwa heshima. Nikamwambia, baba, mnishike ngazi ama mniache nipande.

Fiston alikuwa ameshamsimulia. "Hayo ni maneno ya Mama," akasema.

Nikamwambia yalikuwa ya Mama. Sasa ni yangu.

Basi nakuahidi hivi. Mawese hayatarudi tena mbele ya koki, hata akija dada yako mwenyewe kuyapanga. Neema na Josué, wote wawili, watajua kuifunga wakiwa wamefumba macho. Mwiko umerudi ukutani pake, na siku Neema akiolewa utaondoka naye, pamoja na habari ya paa, na hatakatazwa kuisimulia.

Pumzika, Mama. Usimtume mtu. Nyumba nimeishika.

Mkwe wako,
Mama Neema