Viatu vya Mjomba

Mjukuu wangu Pendo, marahaba. Huku Geita bado napasua mawe. Tangu bibi yako afariki napika ugali mwenyewe, na mbwa anaukataa.

Unasema mwanao Masanja ana miaka minne na haongei, na watu wanakwambia umchape. Mdogo wangu Kabula naye alikuwa haongei. Siku moja mjomba alikuja kututembelea, akaanza, "Mchapeni huyo, atasalimia tu!" Kabula akaenda mlangoni, akachukua viatu vya mjomba, akampangia miguuni.

Baba alicheka mpaka akamwaga togwa. "Shemeji, ndiyo umeshaagwa hivyo!"

Kuanzia hapo tukawa tunaangalia mikono ya Kabula.

Mpeleke hospitali wamwone, ila usimchape. Nakuja Jumapili. Masanja akiniletea kigoda, nakaa wiki. Akiniletea viatu, nitavaa.

Babu yako