Mapazia Ishirini na Manne

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimefungua mdomo. Kosa la kwanza!

Mwenye zahanati mpya alikuja kuagiza mapazia ishirini na manne. Akauliza yatakuwa tayari lini. Shangazi akatazama dari. Fundi mwenzake — kimoyomoyo namwita Milimita — akatazama futi yake. Mara nikasikia sauti ndogo. Yangu! Shangazi peke yake, siku sita. Huyu mzee peke yake, kumi na mbili. Kwa hiyo wakishona pamoja, siku nne. Nikaongeza moja ya akiba, kwa hekima yangu kubwa. Aje Jumamosi ijayo.

Masikio yakaniwaka moto.

"Kumbe ana ulimi!" akasema mwenye zahanati.

Shangazi alingoja mteja atoke. Haya mwanangu, hesabu yako, mzigo wako. Yakiwa tayari, nabaki hapa kujifunza ufundi. Yasipokuwa, narudi kwa mama kusubiri matokeo ya mtihani, huku kaka zangu wakinituma chai.

Kitabuni swali hili lilikuwa na alama tano tu.

Jumatatu, 3 Machi

Mapazia sita yameshonwa. Sita kamili! Nilikuwa karibu kujipongeza.

Jioni Milimita akachukua la shangazi, akalipima, akaguna. Mishono mirefu mno, ati hatua za twiga. Akachukua kile kidude cha kufumulia, akafumua. Matatu! Shangazi naye akavuta la Milimita. Pindo jembamba hivi — mzee, unapinda pazia au leso? Akafumua moja. Wanaitana "fundi wangu" kwa upole kabisa, huku wanavuta uzi.

Sita toa nne, mawili. Kwa mwendo huu, siku kumi na mbili. Yaani sawasawa na Milimita kushona peke yake, sisi wengine tukalale! Kitabuni kulikuwa na bomba linalojaza tangi na tundu linalovujisha. Nilidhani hilo ni swali jingine.

Nilitaka kuwaambia. Nikajikaza, nikavuta pumzi, nikasema: "Niwaletee maji?"

Shujaa.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi. Yamebaki ishirini na mawili. Siku nne, leo ikiwemo. Sita kwa siku ni ishirini na manne. Kwa hiyo wanaruhusiwa kufumua mawili — hadi Ijumaa! Milimita amekwishaguna mara tatu.

Mchana. Milimita anatafuta kidude cha kufumulia. Kiko kimoja tu hapa, na mkasi hawathubutu, utachana kitambaa. Ameinua majora, amekung'uta koti. Shangazi naye anakitaka. Hatimaye wamekubaliana jambo moja: kimeibwa.

"Mwanangu, hujakiona?"

Nimetikisa kichwa. Sikusema neno, kwa hiyo si uongo kamili.

Kwa kukosa la kufanya, wameanza kushona. Mashine zote mbili! Sasa wako kwenye pazia la tano, na jua bado liko juu.

Milimita amesimama. Ananiambia niinuke kidogo, atazame kwenye kiti changu.

Nimemjibu — kwa sauti! — angoje nimalize hesabu. Naandika taratibu sana. Shangazi hajaacha kushona, ila ananitazama, na nadhani anacheka.

Kinachoma.