Binti Yangu wa Kambo Alinipinga Jukwaani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na uniwie radhi nikiandika kama ninayekimbizwa. Mimi natengeneza meno ya bandia kwenye kliniki, niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke, binti yake akiwa mdogo hajui hata kufunga viatu, nimemsuka nywele, kanitapikia mapajani, leo ni msichana wa sekondari na ananiita Mama. Jumamosi shule yao ilikuwa na mashindano ya midahalo, nikaomba ruhusa kazini nikaenda, nikakaa nyuma kabisa, akanipungia mkono, na mimi nilidhani mdahalo ni mdahalo tu, watu wanabishana kengele inalia basi, kumbe ziko aina tatu kwa siku moja, kwanza wanabishana wawili kwa wawili, halafu mmoja kwa mmoja, halafu wanaugeuza ukumbi kuwa bunge, wana spika wao na nyundo ya kugonga meza, sikuelewa kichwa wala miguu. Mada ya kwanza ikasomwa, eti mzazi wa kambo awe na haki sawa na aliyezaa, na binti yangu akasimama upande wa kupinga!

“Anayelea anaweza kufungasha akaondoka,” alisema, sauti inatetemeka. “Aliyezaa, hata akiondoka, bado ni mzazi.”

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, mimi nikavumilia hadi ile ya mmoja kwa mmoja lakini sikusikia hata neno, nikachukua mkoba nikaondoka kabla ya hilo bunge lao.

Tangu siku hiyo simgombezi. Akichelewa kurudi nanyamaza, najiambia nina haki gani. Juzi jikoni akaniuliza, “Mama, mbona siku hizi hunigombezi?” Nikasema nimechoka na kazi. Mume wangu anacheka, “Hayo ni mashindano tu.” Lakini mshauri, mtu anaweza kusema vile bila kuamini? Moyoni mwake mimi ni nani?

Mama au Mpangaji

*

Mama (hilo la pili silitumii),

Pole. Kuchomwa mbele za watu, tena na uliyemsuka nywele, kunauma. Sasa nisikilize, maana umejihukumu bila kujua sheria za mchezo.

Hata mimi sikuzijua, nikampigia mwalimu mmoja anayefundisha midahalo. Kumbe kwenye ile ya wawili wawili, mada hutolewa mapema na watoto hujiandaa kutetea pande zote mbili, kwa kuwa hawajui watapewa upi. Sarafu hurushwa pale pale. Ingeanguka vingine, binti yako angekutetea mpaka ukumbi ulie. Na kutetemeka kwa sauti? Ndiyo kazi yenyewe. Jaji hupima hoja na namna ya kuisema, hapimi moyo. Ile ya mmoja kwa mmoja nayo hivyo hivyo, upande hupewi kwa kupenda.

Nikamuuliza, “Sasa hawa watoto husema la kwao lini?”

Akacheka. “Bungeni. Kule kila mmoja anachagua upande wake, anasimama peke yake, wenzake wanamhoji.”

Yaani ukakimbia raundi uliyokuwa unaihitaji! Sijui alisema nini huko, labda alizungumzia vyoo vya shule, sitakudanganya kwamba alikutaja. Lakini fikiri: asubuhi kasema anayelea anaweza kufungasha akaondoka, na mchana anatazama nyuma, kiti kitupu. Nani alimpa hoja ile nguvu, yeye au wewe?

Kisha anakuuliza kwa nini humgombezi. Mama, mtoto anayekuona mgeni huomba aachwe. Huyu anaulizia ugomvi wake uko wapi.

Leo akirudi usimuulize kama anakupenda, atakimbilia chumbani. Mwambie, “Niliondoka kabla ya bunge, nisamehe. Ulisema nini?” Mpe sebule nzima asimame, wewe na baba yake mumhoji maswali magumu. Akimaliza, mwambie ukweli kwamba mada ya kwanza ilikuumiza. Atashtuka. Mwache ashtuke, naye ajue kwamba maneno huumiza hata yakitoka kwenye sarafu. Na akichelewa tena, mgombeze kwa sauti ile ile anayoijua.

Mashindano mengine yakija, kaa hapo hapo mpaka wafagiaji wakuombe unyanyue miguu.