Kichochoro cha Kuku wa Baba Ciru

Shosho,

Nakuandikia, nyanya yangu, nikiwa na kichefuchefu. Usishtuke, si ugonjwa, ni Baba Ciru. Nikisikia tu sauti yake huko nje akipiga soga na watu kama aliye na moyo safi, nyongo inanipanda hadi kooni.

Juzi mwalimu wetu wa fizikia alitufunza mambo mawili ambayo mimi nilidhani ni kitu kimoja. Umbali, alisema, ni njia yote uliyoikanyaga pamoja na kona zake. Mhamo ni mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipofika, na upande ulioelekea, basi. Ukizunguka mtaa mzima ukarudi mlangoni pako, umbali ni mrefu lakini mhamo ni sufuri. Wenzangu walicheka, eti sasa mtu anachosha miguu bure. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza paa la zahanati.

Unalikumbuka lile paa la bluu. Ukimenya viazi ulikuwa ukinionyesha kwa kisu, ukisema zahanati iko hapo tu nyuma ya ukuta, sisi wa Shauri Moyo tuna bahati. Na kweli, zamani tulipita kichochoroni tukatokea mlangoni pake kabla hujamaliza kumsengenya hata mtu mmoja. Kisha wezi wakaanza kupitia huko kuiba nguo kwenye kamba, tukachanga sote, tukaweka geti. Wewe ndiwe uliyeshangilia kuliko wote. Ufunguo akapewa Baba Ciru kwa sababu nyumba yake iko mwisho wa laini yetu ya nyumba. Mwaka haukuisha kabla hajajaza mabati na waya humo ndani, akafuga kuku wa kuuza. Uvundo ulituingia hadi kwenye chai. Watu waliziba pua wakanyamaza, eti ni jirani.

Siku ile pumu ilipokubana ilikuwa mchana kweupe. Niligonga geti hadi ngumi zikauma. Baba Ciru hakuwepo. Kuku ndio walionijibu.

Ikabidi tuzunguke. Tukatoka hadi barabarani, tukapita kwa mafundi wa vitanda, tukafika pale bomba la maji machafu lilipopasuka. Sapatu yako ikanasa kwenye ule uchafu wa vyoo vya watu. Wewe, Shosho, uliyekuwa ukifagia hadi mbele ya mlango wa jirani, ukakanyaga hayo kwa mguu mtupu. Woi. Ukaniambia, pumzi zikikatika, "Kwani hapo tu pamehamia wapi?" Nilicheka, kwa sababu ulikuwa bado unatania, na mtu anayetania hafi. Nilidhani hivyo. Muuguzi alipokuwekea hewa, mkono wako ulikuwa umeshalegea ndani ya wangu. Akasema tu kwamba tungewahi kidogo.

Na matanga je, unajua nani alileta kuku? Yeye huyo. Akawachinja mwenyewe, akatajwa kwenye maombi kuwa jirani mwema. Nikawekewa paja linalong'aa mafuta. Nilitoka mbio nikatapika nyuma ya hema. Anko akanifuata kunigombeza kwamba naaibisha familia mbele ya watu wa kanisa. Mwanao huyo, Shosho! Mdomo wake ulikuwa bado una mafuta.

Jumamosi wapangaji wakaitisha mkutano uani kuhusu lile geti. Baba Ciru akasimama na shati la pasi, akasema zahanati iko hapo tu, kila mtu anaona paa, mama alikuwa mgonjwa na siku yake ilifika, tusimtafutie Mungu sababu. Anko akatikisa kichwa kukubali.

Nikaokota kaa lililozimika kwenye jiko la Mama Mutua, jirani wa mlango wa pili, nikachora sakafuni mstari mmoja mfupi. Nikasema, "Hapo tu ni hii. Shosho hakupita hii." Kisha nikachora tulikopita, kona baada ya kona, pale bombani, pale sapatu ilipobaki, hadi kaa likavunjika miguuni pa Baba Ciru na njia ilikuwa bado haijaisha. Akarudisha miguu nyuma. Mwishowe Mama Mutua akauliza ni nani mwenye nyundo.

Geti halipo sasa. Kuku wamehamishwa, ila uvundo umeng'ang'ania ukutani na Baba Ciru hanisalimii, namshukuru kwa hilo.

Jana nikapita kichochoroni. Nilitaka nikuombee sala ya Baba Yetu njia nzima, polepole, kama ulivyonifunza. Shosho, nilifika mlangoni pa zahanati kabla sijafika kwenye "utupe leo riziki yetu". Ni karibu hivyo. Nilisimama pale nikalia kwa hasira hadi muuguzi akatoka kuniuliza nimemleta nani.

Sikumleta mtu.

Pumzika sasa, Shosho wangu. Shule zikifungwa nitakuja Murang'a, nikae pale ulipolala, niimalizie hiyo sala hadi amina. Na hapa mtaani, yeyote atakayemwambia mgonjwa kuwa zahanati iko hapo tu, nitamshika mkono nimpitishe kwanza njia atakayopita huyo mgonjwa.

Mjukuu wako,
Wangui