Pacha Wangu Hapigi Simu, na Nyota Yetu ni Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usidhani unamjibu mtu wa hivi hivi, mimi ni fundi pancha, naziba tairi kabla dereva hajamaliza kulaani msumari, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Nina pacha, tunafanana kama kurwa na doto, mama alimfunga mmoja wetu uzi mkononi asije akamnyonyesha mmoja mara mbili. Miezi mitano iliyopita alipata kazi ya kiwandani mji mwingine, siku anaondoka nikamtania, "Utanitafuta wewe kwanza, huwezi kukaa bila mimi." Akacheka, "Nani, mimi? Wiki haiishi utakuwa unalia, kaka." Tangu hapo yeye kimya, mimi kimya.

Sasa sikiliza elimu. Nilinunua misumari imefungwa kwenye kipande cha gazeti, nikasoma kwamba wanasayansi walichunguza mapacha waliolelewa mbalimbali wakakuta wanafanana mpaka tabia, nikasema haa, nyota zimethibitishwa, maana sisi tumezaliwa saa moja, nyota yetu Nge, kwa hiyo nikishiba najua ameshiba, na juzi jino limeniuma nikampa pole kimoyomoyo. Kila wiki ukurasa wa nyota unasema Nge tulia, anayekupenda atakutafuta, basi nimetulia. Lakini mshauri, tairi la lori linataka watu wawili, mmoja akanyage mwingine azungushe chuma, siku hizi nakanyaga mwenyewe nazungusha mwenyewe, na wateja bado wanaita "Mapacha!", nami naitika peke yangu. Jumapili nilikaa na simu mapajani tangu asubuhi mpaka chaji ikaisha. Silii, ni vumbi la tairi. Niendelee kungoja, au nyota imekosea?

Fundi Pancha

Mwanangu Fundi, pole, upweke unauma kuliko hilo jino. Sasa nikukemee. Wewe na mwenzako mmefanana kwa sababu mmetoka yai moja, damu moja. Hao wanasayansi walichunguza damu na malezi, hawakuuliza nyota ya mtu. Ukitaka kupima nyota, usimpime ndugu yako. Tafuta mtoto wa mama mwingine aliyezaliwa saa ileile kitanda cha pili, uone kama naye ana mdomo huo. Tena wapo mapacha wa mayai mawili, nyota moja, saa moja, mmoja maji ya mtungi, mwingine moto wa kifuu. Hapo nyota ilikuwa imekwenda wapi?

Na hata tukiliamini gazeti lako, hebu fikiri: naye si Nge? Naye si ameambiwa atulie, atatafutwa? Mmekaa wawili, kila mtu na simu yake, mnangojeana kama wajinga! Damu imewapa sura moja, tumbo kila mtu ana lake. Hujui kama amekula. Hujui kama anaumwa.

Leo, kabla hujagusa tairi la kwanza, mpigie. Habari za Nge ziache, majigambo yaache. Mwambie umemkumbuka, muulize hali yake, kisha funga huo mdomo umsikie anavyojibu.