Seva ya Wachangia Damu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na mgongo wako umepoa. Sisi huku wazima, ila masikio yangu yamechoka, na wa kulaumiwa ni wewe na shemeji yako. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikupigia simu unaanza na "mwambie mumeo", na mimi si kipaza sauti cha mtu.

Unajua tovuti yetu ya wachangia damu imezimika tangu ile kompyuta ya zamani ife. Nilichoomba ni seva moja tu ya kuirudisha hewani. Wewe ukasema iendeshwe kwa Linux, kwa kuwa ni ya bure na haina makuu. Yeye akasema Windows, kwa kuwa ndiyo anayoijua, na ikikwama atahangaika yeye, si wewe. Ukataka diski mbili, moja ikifa nyingine ishike kazi. Akasema hizo mbwembwe, kompyuta ya karakana yake inatosha. Ile ambayo feni yake inanguruma hadi wateja wanadhani anasaga unga! Wiki zinapita, watu wanapiga simu kuuliza nani ana damu ya mgonjwa wao, nami nawajibu wasubiri, mafundi bado wanabishana. Hivi hamwoni hata aibu?

Basi nimewapita wote wawili. Nimenunua mashine ya mtumba yenye diski mbili, pamoja na betri ya akiba umeme ukikatika, nikaweka Linux kwa mkono wangu mwenyewe. Usichekelee, sikuichagua kwa ajili yako. Mashine ni ndogo, na Linux inatosheka na kidogo. Shemeji yako amenuna, lakini nimemfuma akiipangusa vumbi.

Sasa nikwambie kilichonitia haraka, maana hata yeye sijamwambia. Nina mimba, kaka. Daktari amesema damu yangu ni adimu, nitafute mapema wachangiaji wawili. Naogopa, sikufichi. Tovuti ilipowaka tu, nikatafuta wenye damu kama yangu. Lilitoka jina moja, nalo ni lako.

Wa pili atajiandikisha siku yoyote, mradi seva isizime. Kwa hiyo mpigie shemeji yako, umfundishe kuitunza, taratibu, bila kejeli. Na siku yangu ikikaribia, njoo. Ukifika, nisalimie mimi kwanza kabla ya kuuliza mashine imeamkaje.

Msalimie sana wifi, na watoto uwakumbatie wote kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekutegemea,
Kitindamimba